Kama Moto Ule Una Mwisho

Redio ya kwanza kufika kijijini kwetu ililetwa imefunikwa kwa blanketi, kama mtoto mgonjwa. Mwenyewe alikuwa mzee aliyewapikia Wazungu huko Nanyuki miaka mingi, na walipoondoka akarudi nyumbani na vitu vitatu: hiyo redio, koti la mvua, na tabia ya kunywa chai peke yake mezani. Tabia hiyo ya chai iliwafanya wake za ndugu zake wamwonee huruma. Walidhani ni ugonjwa wa huko.

Betri za redio zilikuwa nene kama magunzi ya mahindi. Zikiisha nguvu, mzee alizitoa akazilaza juani kwenye ungo, zipate joto zisukume siku mbili zingine. Mimi na mwanawe tulikuwa walinzi wa zile betri, maana kuku wa wakati ule walidonoa chochote. Tulikaa pale kila mmoja na kijiti chake. Na nataka niseme ukweli, kwa sababu nimezeeka na uongo unanichosha: mara nyingi mimi nilisinzia, yeye ndiye aliyelinda. Akiambiwa linda, analinda. Mimi nikiambiwa linda, naanza kusimulia, na nikikosa wa kumsimulia nalala.

Shule nilifika darasa la tatu tu. Sikufukuzwa. Mwalimu alinisimamisha nisome ubaoni, nami nikasoma yale niliyoyakumbuka ya jana, kumbe ubao ulikuwa na ya leo. Darasa likacheka. Kesho yake nikateremka Ishiara kuchunga mbuzi wa mjomba wangu, nikaona mbuzi hawacheki mtu, nikakaa. Kiswahili hiki nilikiokota baadaye katika mashamba ya mkonge ya Thika. Naandika kwacho kwa sababu wajukuu wangu walizaliwa mjini, Kiembu chetu hawakisikii, na Kiingereza chao mimi sikisikii. Basi tunakutana hapa katikati, kila mmoja akiwa mgeni kidogo.

Nilikuwa nimefika kwenye habari ya redio. Siku moja mwalimu wa kanisa alikuja kwa yule mzee kumtafuta abatizwe. Alikuja na kitabu na mwavuli. Akasema, mzee, kwanza tuombe, hebu zima hicho chombo. Mzee akanyoosha mkono, akapunguza sauti. Hakuzima. Mwalimu akaomba na mtu wa redio akiongea chini chini habari za bei ya pareto, na sisi watoto tulikaa chini ya dirisha tukiziba midomo. Alirudi mara tatu au nne, na kila mara mambo yalikuwa hayo hayo. Mzee hakuwa na chuki na Mungu. Alisema tu kwamba amepikia watu waliobatizwa miaka ishirini, na amewaona wakila.

Mwanawe, yule mlinzi wa betri, ndiye ninayetaka kumwandika hapa. Tulitahiriwa asubuhi moja, tukasimama kwenye maji baridi ya mto mmoja, kwa hiyo mpaka leo sina jina lingine la kumwita ila Rika, naye huniita hivyo hivyo. Alipofika miaka ishirini na kitu aliokoka katika mkutano wa mahubiri pale Embu mjini, na hakuokoka kwa nusu. Akawa mwinjilisti. Mwinjilisti, kwa asiyejua, ndiye mtu anayefanya kazi yote ya kanisa isipokuwa ile inayohitaji kola shingoni. Anafundisha wa ubatizo, anaombea wagonjwa, anazika wale ambao mchungaji hana nafasi nao. Rika alitembea kwa miguu mpaka Karurumo, mpaka Gachoka kwenye lile jua linalochoma mawe, kanzu yake nyeupe ikiwa kwenye mfuko wa plastiki ili isishike vumbi.

Baba yake alikufa bila kubatizwa. Mwinjilisti alikuwa mpya kazini, moto moto, na watu walikuwa wakimtazama waone kama atamwonea baba yake haya. Alisimama kando ya kaburi akasema kwamba mzee huyu aliitwa mara nyingi akakataa, na sasa yuko mahali ambapo angetaka hata tone la maji na hatalipata, siku zote, bila mwisho. Nilikuwepo. Mama yake alikuwepo. Watu wakasema, huyu kijana kweli ameokoka. Nami nilisema hivyo hivyo, nikala chakula cha matanga, nikaenda zangu.

Sasa nieleze jambo la meza, maana bila hilo hutanielewa. Katika kanisa letu, mtu akionekana mlevi, au akikaa na mke bila harusi, anawekwa nje ya meza. Haimaanishi anafukuzwa. Anaweza kuja, anaweza kuimba, sadaka yake inapokelewa. Hata muguka, yale majani wanayotafuna vijana, siku ya mavuno mkulima wake anayaleta kanisani kwa furaha na yananadiwa hapo nje. Anayeyatafuna ndiye anayewekwa nje. Aliye nje ya meza hapokei mkate na kikombe. Na akifa akiwa nje, mwili wake hauingizwi kanisani, mchungaji haji, kengele haipigwi. Mwinjilisti ndiye anayekuja, tena bila kanzu, na mahubiri yake si ya aliyekufa. Ni ya waliobaki. Anawaonya. Ndivyo ilivyo desturi, na nimeizoea kama nilivyouzoea mlango wa nyumba yangu, ambao unagusa kichwa na mimi huinama bila kufikiri.

Kitinda mimba wetu, mimi na mke wangu, alikuwa fundi wa mawe. Alijua kuchonga jiwe likae juu ya lenzake kama meno ya mtoto. Nyumba nyingi za mawe unazoziona ukipanda kutoka Runyenjes, mkono wake umo. Lakini alikunywa. Nimejaribu kutafuta neno laini, sikulipata. Alikunywa ile pombe inayouzwa kwa vikombe vidogo na inayomfanya mtu atetemeke asubuhi mpaka anywe nyingine. Mke alimkimbia. Kanisa likamweka nje. Mama yake alimwekea chakula kila siku, na kila siku alikuwa anasema kesho nitaacha, mama, na sidhani alikuwa anadanganya. Nafikiri yeye ndiye aliyekuwa anadanganywa.

Mwaka uliofuata ule wa barakoa, mwezi wa saba, wakati ukungu wetu unakaa mpaka saa nne, wachuma chai walimkuta amelala kati ya mistari ya majani. Alilala huko kwenye baridi. Alikuwa ameweka viatu pembeni, vimepangwa, kama mtu aliyefika nyumbani.

Rika alikuja kumzika. Alikuja bila kanzu. Tulisimama shambani kwangu chini ya migomba, akafungua kitabu, na akahubiri kama alivyohubiri miaka yote. Sikumchukia. Alisema kijana huyu alisema kesho, kesho, na kesho yake ilifungwa. Alisema mlango ukifungwa haufunguliwi tena, na mahali alipo sasa angetamani kurudi awaambie vijana wenzake. Vijana wenzake walikuwa pale, macho mekundu, wawili walikuwa wamekunywa ili waweze kusimama. Wakainamisha vichwa. Mimi nilikuwa naangalia kitambaa cha kichwa cha mke wangu. Hakikutikisika.

Wiki mbili baadaye mke wangu alikuwa anachoma mahindi jikoni. Mahindi mawili, langu na lake. Akayageuza kwa mkono kama wanavyofanya wanawake wetu, vidole havihisi tena. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei ya chumvi, "Mtu akikaa sana ndani ya moto, huwa anazoea?"

Nilikula hindi langu. Hilo nalo niliandike, kwamba nililila.

Tangu siku hiyo akaacha kwenda mezani. Kanisani alikwenda, lakini alikaa benchi la nyuma kabisa, pale wanapokaa waliowekwa nje, na mkate ulipoitwa hakuinuka. Hakuna aliyemweka nje. Alijiweka mwenyewe. Wazee wa kanisa walikuja kumwuliza, akawapikia chai, akawaambia, "Mtoto wangu yuko nje. Mimi nitakaa ndani nikila, na yeye yuko nje?" Mmoja wao akamwambia kwa upole, mama, angalia usipotee pamoja naye. Akasema, "Basi angalau tutakuwa wawili." Yule mzee akaweka kikombe chini hakunywa tena.

Ndipo Rika alipoanza kuja. Ilikuwa kazi yake, kumfuatilia kondoo aliyeacha meza. Mara ya kwanza alikuja na kitabu na akakitumia. Alimsomea mambo ya hukumu, ya kondoo na mbuzi, ya tajiri na maskini. Mke wangu alikuwa anamenya nduma, maganda yanaanguka kwenye sufuria, haangalii juu. Alipomaliza kusoma, mke wangu akamwuliza huko mbinguni kama watu wanaimba. Akasema ndiyo, wanaimba. Akamwuliza kama watakuwa wanajua waliko watoto wao. Rika akafikiri, akasema labda Mungu atawasahaulisha. Mke wangu akasema, "Basi huyo atakayeimba huko si mimi. Mimi ni mama yake. Akinisahaulisha yeye, nani huyo amebaki?"

Mwinjilisti alikwenda bila kula nduma. Na nduma zetu zilikuwa za mtoni, nzuri.

Mara ya pili hakuja na kitabu. Alikaa kwenye kigoda, magoti yakiwa karibu na kidevu, akasema anataka kutuambia kitu ambacho hajamwambia mtu. Akasema miaka yote hii, tangu amzike baba yake, akilala anasikia ile redio chini chini. Haisikii kama mzimu, alisema, asieleweke vibaya, yeye ni mtu aliyeokoka. Anaisikia kama mtu anavyosikia kitu ambacho hakikuzimwa. Alisema mama yake alikufa miaka kumi baada ya hapo, mkristo mzuri, na siku ya mwisho alimshika mkono akamwuliza, "Kwani ulikuwa na uhakika gani?" Yeye akaendelea kuhubiri, maana alidhani akinyamaza itakuwa amemdhulumu baba yake bure.

Mimi nilitaka kusema kitu cha kuchekesha. Ndiyo ugonjwa wangu. Mke wangu alinitazama, nikaacha.

Mara ya tatu ilikuwa mchana wa mvua ndogo. Alikunywa chai kwanza. Halafu akamwambia mke wangu, polepole, akipima kila neno, "Mama, mimi naamini moto upo. Hilo sitaliondoa. Lakini siamini tena kwamba hauna mwisho. Naona yule aliyewaacha kondoo tisini na tisa, hakuambiwa atafute mpaka saa fulani. Nafikiri hata huko anaingia kutafuta. Na kijana wako atampata."

Mke wangu aliweka kisu chini. Akauliza, "Unasema hivyo kwa kunihurumia?"

"Nasema hivyo kwa sababu nimechoka kusema lile lingine."

Halafu akatuomba neno lile libaki pale kwenye mafiga matatu. Akasema akijulikana ataondolewa, na hana kazi nyingine anayoijua. Mke wake alikuwa amekufa, binti yake wa pekee aliolewa huko Gachoka, na kanisa ndilo lilikuwa nyumba yake. Tukasema ndiyo, litabaki.

Jioni hiyo mke wangu alikula. Sahani nzima. Akasema meza ya Bwana ijayo atakwenda, atapokea, na moyoni atapokea kwa niaba ya mtoto pia, kama mtu anayemchukulia mwenzake barua. Alitoa kitambaa cheupe cha chama cha akina mama kutoka sandukuni, akakiloweka. Mimi nikatoka nje nikazunguka migomba mara mbili bila sababu. Nilikuwa na furaha. Furaha yangu haijui kukaa ndani.

Sasa nafika mahali pa aibu yangu, na nitapaandika bila kuzunguka.

Siku tatu baadaye nilipeleka kahawa kiwandani. Mkulima wa kahawa anajua: kabla ya kupimiwa, unaimwaga kwenye gunia chini unaichagua. Nyekundu iliyoiva huku, mbichi kule, na ile iliyokaukia mtini au kuliwa na mdudu unaitupa pembeni. Hiyo iliyotupwa hukauka ikawa mbuni. Tunakaa chini kwenye magunia, wanaume na wanawake, mikono inakwenda na midomo inakwenda. Hapo ndipo mahali pangu. Mezani kwa Bwana mimi ni mtu wa kawaida, kwenye gunia la kahawa mimi ni mfalme.

Mtu mmoja akalalamika kwamba nusu ya kahawa yake ni ya kutupa mwaka huu. Nami nikasema, na nilikuwa namwona mke wangu akila ile sahani, "Kwani hii tunaitupa? Tunaianika tu. Mwisho na yenyewe inanunuliwa. Hakuna mkulima anayechoma mbuni." Wakakubali. Ningenyamaza hapo ningekuwa sijamkosea mtu. Nikaendelea. "Na mwinjilisti wetu siku hizi anaamini hivyo hivyo kuhusu watu. Kwamba hakuna anayechomwa milele. Hata kijana wangu."

Mikono ikasimama. Mama mmoja mnene, mchekeshaji, akasema, "Basi mimi nimevumilia mume wangu bure miaka yote hii." Watu wakaangua kicheko. Mwingine akauliza na wale wanaotuibia kahawa hapa kiwandani, nao wataingia? Nikasema wataingia, lakini watapanga foleni ndefu kuliko hii yetu. Kicheko tena. Lakini palikuwa na mzee mmoja wa kanisa, mtu mtaratibu, hajawahi kuniudhi. Yeye hakucheka. Alikuwa ameendelea kuchagua, punje kwa punje. Akauliza bila kuinua macho, "Na Ibilisi je? Naye ni mbuni?"

Na mimi, nikiwa na watu kumi na watano wanaosubiri niseme kitu, nikasema, "Akianikwa vya kutosha."

Walicheka mpaka karani akatoka na kalamu sikioni kuuliza kuna nini. Yule mzee wa kanisa akakusanya kahawa yake, akajipanga kwenye mizani. Nilijua. Wakati ule ule, kicheko hakijaisha.

Neno lilipofika kwa mchungaji, lilikuwa limekwisha kuwa kwamba mwinjilisti anafundisha watu majumbani kwamba Shetani ataokoka. Halikupita wiki.

Mchungaji wetu ni kijana mdogo, wa umri wa mwanangu. Alikuja kwangu mwenyewe, kwa heshima, akavua kofia. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia na hakunipa nafasi. Nilimwambia ni mimi niliyesema, mzaha ulikuwa wangu. Akasema, "Mzee, najua mzaha ni wako. Lakini lile neno lenyewe ni lake? Nilimwuliza na hakukana." Halafu akaniambia kitu ambacho mpaka leo nakigeuza. Akasema vijana wa pombe wanamfia kila mara, mpaka anawaona usingizini. Akasema, "Nikiwaambia mlango hautafungwa, nani ataacha kikombe leo? Nina kitu kimoja tu cha kuwatisha nacho, mzee. Mkiniondolea hicho nitabaki na nini?" Nikamwambia mwanangu alitishwa miaka kumi na mbili. Akasema pole. Aliisema vizuri, kama mtu anayejua kwamba haitoshi.

Uamuzi ulikuwa huu: Jumapili ya meza, kabla ya mkate, mwinjilisti asimame mbele ya watu asome karatasi. Aseme alipotoka, na kwamba afaye bila kutubu moto wake hauna mwisho, na kijana yeyote asijidanganye. Akisoma, ataendelea na kazi. Asiposoma, basi.

Jumamosi nilimkuta nje ya kanisa akikata nyasi kwa fyekeo, kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Nilisimama kando. Akafyeka mpaka akanifikia.

"Rika," akasema, "ni wewe?"

"Ni mimi."

Akaegemea fyekeo. "Ibilisi pia?"

"Walikuwa wanacheka," nikasema.

Akatikisa kichwa, na nakuapia alikaribia kucheka na yeye. Akasema mdomo wangu ungetakiwa kutahiriwa siku ile ile na sehemu nyingine. Halafu akauliza kama mama amejua. Nikasema amejua. Sikumwambia alivyosema. Alikuwa amesema neno moja tu kwangu, akipiga pasi kile kitambaa cheupe: "Nilikuwa nimepata kitu kidogo, na wewe ukaenda kukionyesha watu." Hakulia. Aliendelea kupiga pasi.

Nikamwambia Rika asome ile karatasi. Nikasema maneno ni maneno, mke wangu ataelewa, asiharibu uzee wake kwa ajili yetu. Akasema, "Wewe unadhani maneno ni maneno kwa sababu ya kwako hayajamzika mtu." Akarudi kwenye nyasi.

Jumapili kanisa lilijaa. Wengine walikuwa wametoka mpaka upande wa Karurumo kuja kusikia, nao walivaa kama watu wa harusi. Mke wangu aliingia na kitambaa chake cheupe, na badala ya benchi la nyuma akatembea mpaka la pili kutoka mbele. Nilimfuata. Sijui alikuwa anafikiri nini. Nimeishi naye miaka hamsini na sijui.

Rika akasimama, kanzu imenyooshwa, akavaa miwani. Alisoma vizuri, ana sauti ya kusoma. Akasoma jina lake, akasoma miaka aliyotumikia, akasoma kwamba amepotoka na amewakwaza watu. Hapo hakusita. Akafika pale pa kijana afaye bila kutubu. Akasema, "Moto wake," akanyamaza.

Mchungaji akasema kwa sauti ya chini, "Endelea, mzee."

Rika alikuwa anamwangalia mke wangu. Kanisa letu lina paa la mabati na watu wakinyamaza unasikia linavyopanuka juani. Lilipiga mara mbili, tatu. Halafu mke wangu, ambaye hajawahi kusema neno kanisani isipokuwa kuimba, akasema, "Mwinjilisti, soma tu. Usiwekwe nje kwa ajili yetu."

Akavua miwani. Akasema, naye hakuwa anawaambia watu, alikuwa anamwambia yeye, kama vile tuko jikoni, "Mama, nikisoma hivi nitakuwa nasema nisilolijua. Nilimzika baba yangu na neno nisilolijua, na kijana wako pia. Lakini na lile nililokwambia wewe, nalo silijui. Nililitamani. Nililitamani sana mpaka nikadhani nimeliona."

Nilitaka aongeze kitu. Kanisa zima lilitaka aongeze, hata yule mzee wa kiwandani alikuwa amenyoosha shingo. Mke wangu aliinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu tumzike mtoto nikaona kile kitambaa kikitikisika.

Rika akaikunja karatasi mara mbili akampa mchungaji mkononi, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima. Akavua kanzu kupitia kichwani, ikamkwama kidogo kwenye sikio, hakuna aliyeinuka kumsaidia, hata mimi. Akaikunja, akailaza kwenye benchi la mbele. Chini yake alikuwa na sweta la kijani lililotoboka kiwiko. Akatoka kwa mlango wa pembeni.

Dirishani nilimwona akipita tangi la maji, akapita ua wa miiba ya kayaba, akashika barabara ya kuteremka. Hakuwa na haraka. Nilidhani anakwenda msalani, maana sisi wazee tukishikwa na wasiwasi ni hivyo, na msala wa kanisa uko upande ule. Mchungaji akaita meza. Mke wangu hakuinuka, na mimi sikuinuka, nikasogea kidogo kwenye benchi ili Rika akirudi apate pa kukaa. Watu wakaenda mbele wakarudi, wakifuta midomo. Wimbo wa mwisho ukaimbwa. Nilikuwa bado nimeacha ile nafasi.

Hakurudi. Nyumbani kwake mlango ulikutwa umeegeshwa na chai ya asubuhi imebaki nusu kikombe. Kwa binti yake huko Gachoka hakufika. Mtu alisema amemwona Ishiara siku ya soko, mwingine akasema si yeye, ni mzee mwingine mwenye sweta kama lile. Nilikwenda Ishiara mwenyewe, nikauliza. Hajarudi.